Ushuru wa Manda: Kodi katika Mchezo wa Masimulizi ya Enzi za Kale

Makala hii inakusudia kufafanua namna kodi inavyoweza kutumiwa katika mchezo wa masimulizi unaoigiza enzi za kale, kwa kuuweka mchezo huo katika kisiwa cha Manda, kwenye funguvisiwa la Lamu. Mchezo wa masimulizi ni mchezo ambao watu wanne au watano huketi kuizunguka meza, mmoja wao akiwa msimulizi na waliosalia wakiwa wamejitwika kila mmoja mhusika wake. Msimulizi hueleza mahali na tukio. Wachezaji husema wahusika wao watafanya nini. Na palipo na shaka juu ya kufaulu au kushindwa, dadu hurushwa. Hakuna mswada wala jukwaa. Mchezo wa aina hii uliovuma kuliko yote ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Ulimwengu wake ni mseto wa ngome za Ulaya ya zama za kati, majoka na wachawi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hapana jambo geni hapa. Fanani yupo, hadhira ipo. Tofauti ni kwamba hadhira hii haitosheki kuitikia "hadithi njoo", bali huingia ndani ya hadithi na kuipindua mikononi mwa fanani. Mchezo huu unaweza kuendeshwa kwa Kiswahili bila kizuizi chochote, na pwani yetu ina miji ya kale inayoufaa kuliko ngome za kubuni.

Kuna kasoro moja inayojirudia katika michezo hii, nayo inahusu mali. Mashujaa humwua joka, hubeba sanduku la dhahabu, huingia mjini nalo, na hapana mtu anayewauliza kitu. Mji wa namna hiyo haujapata kuwako duniani. Wasimulizi wanaoitambua kasoro hii aghalabu huirekebisha kwa kujigeuza makarani: kila kikao huanza kwa kutoa sehemu ya kumi ya kila mfuko, wachezaji hupiga miayo, na baada ya majuma matatu kodi husahauliwa. Njia zote mbili zinatokana na dhana moja potofu, kwamba kodi ni hesabu. Katika miji ya Waswahili kodi ilikuwa uhusiano kabla ya kuwa hesabu: nani ni mgeni wa nani, nani analindwa na nani, nani ana haki ya kuketi barazani. Mambo hayo ndiyo chakula cha masimulizi.

Mahali penyewe

Kisiwa cha Manda kimetenganishwa na Lamu kwa mlango wa bahari, na kutenganishwa na bara kwa mkondo mwembamba uitwao Mkanda, ambao vyombo huweza kupita maji yakijaa. Ng'ambo ya ghuba kuna kisiwa cha Pate. Mji wa kale wa Manda ulikuwapo tangu karne ya 9, na pengine mapema zaidi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alianza kuuchimbua mwaka 1966, na kitabu chake juu ya uchimbuzi huo kilitoka mwaka 1984. Humo mlipatikana vigae vya vyombo kutoka Uajemi na Uchina, pamoja na kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe, mengine yakikaribia uzito wa tani moja. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kisiwani humo imepatikana sarafu ya Kichina ya enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala kati ya 1402 na 1424.

Msimulizi anayetafuta pa kuanzia na aanze na zile kuta. Jiwe la tani moja halijibebi. Ama watu waliitwa kwa zamu na kutoa nguvu zao, ama walilazimishwa, ama mtu mwenye mali aliwalipa kwa mali aliyoipata mahali fulani. Kwa vyovyote vile, ukuta wa bahari ni kodi iliyogandishwa. Mchezaji akiuliza, "Ushuru wangu unakwenda wapi?" msimulizi anaweza kumpeleka ufukoni akamwonyesha. Na iwapo ukuta umebomoka sehemu, na mjumbe wa mji anasema fedha za kuutengeneza zimekwisha, kikao kimekwisha kupata kisa chake bila joka hata moja.

Upepo nao ni kalenda ya kodi. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi huvirudisha. Hivyo hapana haja ya kutoza kila kikao. Ushuru wa bandari hulipwa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na kati ya nyakati hizo mgeni yumo mikononi mwa mwenyeji wake. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza utaratibu huo kwa ufasaha. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikuja na mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula, akampa mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara hakufikia pengine ila nyumbani kwa mwenyeji huyo, ambaye alimwuzia bidhaa zake na kumnunulia alizotaka. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya dhuluma, au bila ya mwenyeji kuwapo, mauzo yake hayakukubaliwa. Kadhalika mashua ya mtawala ilifika chomboni kuuliza kimetoka wapi, ni cha nani, na kina nani ndani.

Sahani ile ya chakula ina kisa kizima. Mchezaji akiila, amefungika.

Majina ya kodi

Kabla ya kuingia katika tarakimu, inafaa kuyatazama majina, maana msamiati wa kodi katika Kiswahili ni tabaka juu ya tabaka, na msimulizi mwenye sikio anaweza kuonyesha ni nani anayetawala kwa kubadilisha neno moja tu.

Ushuru ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi, ingawa kiwango chenyewe kilitofautiana sana: katika sheria ya Kiislamu ya awali mfanyabiashara Mwislamu alitoa sehemu ya arobaini, asiye Mwislamu aliye chini ya dola sehemu ya ishirini, na yule atokaye nchi ya nje sehemu ya kumi. Forodha pia ni neno la Kiarabu, la mahali vyombo vinapopakua. Tarihi ya Pate inasimulia kwamba Wareno walipokuja walianzisha nyumba ya ushuru iliyoitwa kwa lugha yao fandika. Neno lenyewe la Kireno, alfândega, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa kutoka Kiarabu, likarudi pwani likiwa limevaa kofia. Halikudumu, forodha ikalishinda.

Neno lenye safari ndefu kuliko yote ni hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo ya halali ambayo msafara uliyatoa kwa mtawala wa nchi unayoipita, na misafara iliyopita Ugogo iliijua vema. Ilijadiliwa hadharani, ikalipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya, na aliyekwisha kulipa alipewa njia na maji. Leo hongo ni rushwa. Neno halikubadilika sura. Kilichobadilika ni mamlaka yanayolitazama. Mtawala wa kienyeji aliyenyang'anywa nchi hana tena haki ya kutoza, kwa hiyo akipokea kitu ni mwizi. Mchezo unaopita vizazi viwili unaweza kulionyesha jambo hili kwa namna ambayo hotuba ya isimu-historia haiwezi: mzee yuleyule, mahali palepale penye kisima, anapokea kitambaa kilekile, na kijana anayemtazama ana neno jipya la kumwita.

Hesabu ya Kilwa

Hesabu kamili ya ushuru wa kale wa pwani inapatikana katika barua ambayo Mreno Diogo de Alcáçova alimwandikia mfalme wake tarehe 20 Novemba 1506. Habari hiyo inahusu Kilwa na Sofala, wala si Manda, lakini kwa msimulizi ni hazina.

Kwa mujibu wa barua hiyo, mfanyabiashara aliyeingia Kilwa kwa nia ya kwenda Sofala alitoa kwanza dhahabu kidogo kwa hesabu ya vitambaa alivyoleta. Baada ya hapo mfalme alichukua theluthi mbili za bidhaa. Theluthi iliyobaki ilikadiriwa thamani, na kwa kila mithqali 1,000 mfanyabiashara alitoa mithqali 30. (Mithqali moja ni uzito wa dhahabu unaozidi gramu 4 kwa kiasi kidogo.) Alipofika Sofala alimtolea mfalme wa Kilwa kitambaa kimoja katika kila vitambaa saba. Wakati wa kurudi alipaswa kupitia Kilwa tena na kutoa mithqali 50 katika kila mithqali 1,000 za dhahabu aliyobeba. Pembe za ndovu zilikuwa na hesabu yake mbali.

Tuchukue wachezaji waliojaza mtepe wao vitambaa 2,100. Kilwa inachukua 1,400, wanabaki na 700. Wanalipa zile thelathini kwa elfu, tuseme kwa dhahabu waliyo nayo mkononi. Sofala inachukua 100. Kwa hiyo wanafika sokoni na vitambaa 600 kati ya 2,100, na bado dhahabu watakayoipata itatozwa tena. Mchezaji yeyote mwenye akili atauliza kwa nini mtu aende Sofala kabisa. Jibu la kwanza ni kwamba faida ya kubadilisha kitambaa kwa dhahabu ilikuwa kubwa mno. Jibu la pili, ambalo linaelekea kuwa kweli zaidi, ni kwamba zile theluthi mbili hazikuwa unyang'anyi mtupu: mfalme alikuwa mfanyabiashara mkuu, naye alijichukulia haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Kodi na biashara zilikuwa chungu kimoja. Asiyelielewa hili ataendesha mchezo wenye wafalme wanaokaa kitini wakipokea mifuko, ilhali mfalme wa bandari ya Waswahili alijua bei ya kitambaa cha Kambaya kuliko karani wake.

Kipengele kinachovutia zaidi katika barua hiyo ni hiki: aliyerudi kutoka Sofala bila kupitia Kilwa alilazimika kufika Mombasa, na asipokuwa na cheti cha kuthibitisha kwamba amelipa Kilwa, Mombasa ilimtoza zile hamsini kwa elfu na kuzipeleka Kilwa. Miji miwili iliyokuwa na ushindani wa muda mrefu iliheshimiana katika jambo hili moja. Msimulizi akiwa na cheti mkononi hahitaji tena panga za uchawi. Cheti huibwa, hughushiwa, huloa maji, huandikwa kwa jina la marehemu. Karani wa Mombasa huweza kukitazama kwa muda mrefu kupita kiasi, akakirudisha bila kusema neno, na wachezaji wakakosa usingizi usiku kucha.

Mezani

Mintarafu ya kanuni, haba hutosha. Njia moja inayofaa ni kumpa karani wa forodha alama za shaka badala ya kuwapa wachezaji madaftari. Kila mzigo uliofichwa huongeza alama moja; kukataa sahani ya mwenyeji huongeza mbili; kuja usiku kwa njia ya Mkanda, wakati maji yamejaa na mji umelala, huongeza tatu iwapo mtu ameona. Mwishoni dadu moja ya pande sita hurushwa, na ikitoa namba iliyo sawa na alama hizo au pungufu yake, mizigo inafunguliwa. Wachezaji wanaweza kuzipunguza alama kwa maneno: kwa kujitambulisha nasaba, kwa kuomba dhamana ya mtu wa mji, kwa kutoa zawadi ambayo si rushwa ila ikikataliwa. Hapa ndipo Kiswahili kinapopimwa. Mchezaji asiyejua kuamkia wazee, asiyejua wakati wa kukaa kimya, atalipa zaidi ya mwenzake aliye na mzigo uleule.

Kodi ya vitu ina utamu kuliko kodi ya sarafu, kwa kuwa vitu hupimwa, na kipimo huibiwa. Pishi ina vibaba vinne. Lakini kibaba cha nani, kilichojazwa na kufutwa juu au kilichorundikwa hadi kikamwagika? Ugomvi wa kibaba cha kurundika umevunja urafiki mwingi kuliko vita.

Kuhusu hazina ya joka, suluhisho lipo tayari katika sheria ya ngawira. Ibn Battuta alisimulia kwamba Sultani wa Kilwa aliyemkuta mwaka huo wa 1331, Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa ukarimu wake Abu al-Mawahib, alikuwa akitenga khumsi, yaani sehemu ya tano ya kila ngawira, na kuitumia katika njia zilizoamriwa na Kurani, huku fungu la masharifu likiwekwa katika hazina yake peke yake. Mashujaa wanaorudi na sanduku watamkuta basi mtu akiwangoja na swali la sehemu ya tano, na nyuma yake mafukara na masharifu waliosafiri kutoka mbali wakiitegemea. Kutokulipa si kumnyima mfalme tu. Tena Ibn Battuta anaongeza kisa kinachofaa kuigizwa: Sultani huyo alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, ambaye mwombaji alipomjia alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa wala hakuacha cha kutolewa. Khumsi ilikuwa ileile katika sheria; mkono ndio uliobadilika.

Suala la jini aliyefungwa ndani ya chupa, kama atozwe kwa uzito au kwa thamani, makala hii inawaachia wanafikihi.

Wachezaji waliozoea kukwepa ushuru wanaweza pia kupewa upande wa pili. Katika karne ya 19 Sayyid Said wa Zanzibar hakukusanya ushuru kwa mkono wake. Aliikodisha forodha kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa asili ya Kachi, iliyomlipa kiasi maalumu kila mwaka na kujichukulia kilichozidi. Kiwango kwa bidhaa zilizoingizwa na Wamarekani kilikuwa asilimia 5, kwa mkataba wa mwaka 1833. Ukodishaji wa forodha haukuwa jambo dogo: kampuni moja ya Kiingereza na moja ya Kijerumani zilipogombea haki ya kukodi forodha ya Lamu, shauri lilipelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye mwezi Agosti 1889 akaamua kwamba hakuna upande uliothibitisha madai yake. Wachezaji wakipewa forodha kwa mwaka mmoja kwa malipo yaliyokwisha kutajwa, na kaskazi ikachelewa, watawaelewa makarani wote waliowatukana.

Kikanda

Hadi hapa kodi imeonekana kama mchezo wa werevu baina ya mwenye chombo na mwenye bandari. Kuna kodi nyingine, na msimulizi anayeiacha anasimulia nusu ya pwani.

Tarihi ya Pate inaitaja kodi iliyoitwa kikanda, ambayo watawala wa Pate waliitoza miji iliyokuwa chini yao. Ililipwa kwa nafaka, na kipimo chake kilikuwa watumwa waliolima mashamba. Jina lenyewe ni la upole: kanda ni mfuko uliosukwa kwa ukindu, na kikanda ni mfuko mdogo. Udogishi huu ni wa mtozaji. Yeye ndiye aliyeona mfuko mdogo; aliyeulima, akauvuna na kuubeba hadi bandarini hakuulizwa ukubwa wake. Watu wenye shauku ya semantiki watambue kwamba kiambishi ki- hapa kinafanya kazi ya siasa.

Wafalme wa tarihi hiyo wana majina na nasaba. Waliohesabiwa wana hesabu tu. Msimulizi akisema mezani, "Shamba hili lina watumwa arobaini, kwa hiyo kodi ni kadhaa," na mchezo ukaendelea, amemwiga mwandishi wa tarihi kwa uaminifu mkubwa, wala hajui kwamba amefanya hivyo. Wapo wanaoona kwamba ni heri kuuondoa utumwa kabisa katika mchezo ili meza isichafuke. Hoja hiyo ina uzito, hasa mahali ambapo wajukuu wa pande zote mbili wanaweza kuwa wameketi meza moja; katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, muda ambao si mrefu kwa kumbukumbu ya ukoo. Hata hivyo, kuuondoa utumwa na kuyaacha majumba ya mawe, vigae vya Uchina na milango ya nakshi ni kuwapa wachezaji utajiri usio na chanzo. Ni joka lilelile na sanduku lilelile.

Njia ya tatu ni kumpa mchezaji mmoja, kwa ridhaa yake, mhusika anayehesabiwa. Siku ya kikanda karani anafika shambani Manda. Bwana shamba anataka hesabu iwe ndogo, hivyo anawaficha baadhi ya watu mikokoni hadi karani apite. Aliyefichwa ametoka katika hesabu kwa siku moja. Maji yanajaa, Mkanda unapitika, na bara iko ng'ambo. Ukwepaji wa kodi wa bwana umefungua mlango ambao bwana hakuukusudia, na sasa wachezaji wengine, ambao mtepe wao umejificha mikokoni humo humo kwa sababu zao wenyewe, wanatakiwa waamue. Hapo alama za shaka za karani hazina kazi tena, na dadu inaweza kuwekwa kando.

Barazani na langoni

Mji wa Manda ulianguka mikononi mwa Pate. Tarihi inaliweka tukio hilo katika zama za Sultani Omari, karne ya 14 kwa hesabu yake, nayo hailielezi kwa nguvu za jeshi bali kwa kisa cha mtu aitwaye Bakiumbe, mmoja wa wakubwa wa mji aliyekuwa mvuvi. Siku moja baraza lilifanyika naye yuko baharini. Ikapendekezwa angojwe, na ikajibiwa kwamba mvuvi si wa kungojwa. Bakiumbe aliposikia, alikwenda Pate akafanya shauri na Sultani. Kisha akawa anapiga kelele usiku kwamba Wapate wamekuja. Watu wakatoka na silaha, wasione mtu. Akafanya hivyo tena, hata wakamchoka. Usiku Wapate walipokuja kweli, hakuna aliyeinuka.

Kisa hiki kinahusu kodi kuliko kinavyoonekana. Mji unaomtegemea mvuvi kwa chakula na usimngoje barazani umechukua bila kutoa. Katika utendi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijuma aliunakili mwaka 1913, lipo neno linalofaa hapa: kikoa, karamu ya zamu ambayo kila mmoja hutoa sehemu yake. Maadui wa Liyongo waliunda kikoa cha makoma ili apande mtini na kupigwa mishale, naye akayaangusha matunda kwa mishale yake bila kupanda. Mchango wa pamoja unageuzwa mtego pale wachangaji wanapokuwa hawana nia moja, na Bakiumbe ni Liyongo asiye na upinde. Msimulizi anayetaka Manda ianguke mezani hana haja ya kupandisha kiwango cha ushuru. Amwache tu mmoja wa wachezaji nje ya baraza linalokipanga.

Kodi ya Pate baadaye ikafuatwa na ya watu wengine. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa mithqali 1,500 kwa mwaka, na dhahabu hiyo ikatumika kutengeneza Custódia de Belém, chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho Lisbon. Mwaka huohuo wa 1506 Lamu ilisalimu amri mbele ya manowari za Kireno na kukubali kulipa mithqali 600. Malipo yalitolewa kwa sarafu za Venisi, jambo linaloonyesha jinsi fedha za dunia zilivyokuwa zimefika katika mifuko ya mji huo.

Baada ya maasi ya Yusuf bin Hasan huko Mombasa mwaka 1631, kapteni Francisco de Seixas de Cabreira alipita pwani akiadhibu miji, kisha mwaka 1639 akaziandika sifa zake juu ya lango la Fort Jesus. Maandishi hayo yapo hadi leo. Yanasema alikuwa na umri wa miaka 27 alipopewa ngome, kwamba aliadhibu Pate na Siyu hadi kuta zao zikabomolewa, kwamba wafalme wa miji kadhaa, Manda ikiwamo kwa tahajia ya Mandra, aliwafanya walipe kodi, na kwamba aliwalipisha wote waliokuwa wamezembea. Baada ya hayo yanaorodhesha alichopewa yeye: cheo katika nyumba ya mfalme, pensheni ya kila mwaka, na ugavana wa mahali pengine.

Mfalme wa Manda hakutajwa jina. Msimulizi anayetafuta mhusika wa kumpa mchezaji wa tano, aliyechelewa kufika na kukuta nafasi zote zimechukuliwa, anaweza kumpa huyo.